Aliyoyasikia Mezani

Mwisho wa mwezi supamaketi ile ilikuwa haipitiki. Mashine za kulipia zilikuwa zimegoma, foleni zimejikunja hadi kwenye rafu za sabuni, na watu wamechoka kiasi kwamba hata kulalamika walilalamika kwa sauti ya chini. Katikati yao alisimama mtangazaji wa redio, viatu vya kisigino mkononi, gauni la kijani alilolipiga pasi alfajiri sasa limekunjamana mgongoni. Tangu kulipokucha alikuwa akisoma taarifa za habari, na alichokitaka duniani ni mkate, maziwa na kitanda.

Zamu yake ilipofika, mwanamume aliyekunja mikono ya shati jeupe alianza kumpangia vitu kwenye mfuko. Mkate akauweka chini, maziwa juu yake.

"Kaka, hii kazi umeanza leo?" mtangazaji akamuuliza.

"Leo hii hii. Nimekosea wapi?"

"Mkate wangu utafika nyumbani umekuwa karatasi."

Mwanamume akacheka, akautoa mkate, akampa aubebe mwenyewe. Kisha akamtazama vizuri. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye unayeniamsha asubuhi na habari mbaya."

"Siziandiki mimi. Nazisoma tu."

Mshika fedha akainama kuficha kicheko. "Dada, huyo ni mkurugenzi wetu wa fedha. Mambo yakiharibika hushuka kutusaidia."

Mtangazaji akaona haya, lakini mkurugenzi alikwisha kuuchukua mfuko na kumtangulia hadi nje kwenye teksi. Tangu siku hiyo yeye akawa Bwana Mifuko, na mtangazaji akawa Sauti.

Hawakuwa watoto. Bwana Mifuko alikuwa amefiwa na mkewe. Mtangazaji alikuwa ametoka kwenye ndoa iliyomchosha kabla haijamuumiza. Mapenzi yao yalikuwa ya simu za mchana, kwa sababu yeye alilala mapema na mwenzake alitoka kazini akiwa hoi.

"Sauti, umelala?"

"Nilikuwa nimelala. Sasa naongea na muuza sabuni."

"Nimekaa kikaoni tangu asubuhi, mpenzi. Nimechoka mpaka kope."

"Njoo basi uchokee huku."

Naye alikuja, akavua koti, akaketi kwenye sofa lake lililobonyea upande mmoja, na mara nyingi alisinzia kabla chai haijapoa. Mtangazaji alimtazama akilala na kujisemea kwamba kuna wanaume wanaokuja na maua, na huyu amekuja na uchovu wake wote, amemwamini nao.

Jumapili moja Bwana Mifuko akampeleka mtangazaji kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Dada alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamwita wifi kabla hajaketi. Shemeji, mume wa dada, alikuwa mstaafu wa bima, mtu wa maneno mengi na mipango mingi zaidi. Walipokuwa wakila, akauliza, "Vipi hisa za kampuni yenu? Mimi uzee wangu wote nimeuweka humo."

Bwana Mifuko alikuwa ametoka kwenye juma la vikao visivyo na mwisho. Akajisugua macho. "Shemeji, ningekuwa wewe, uzee wangu ningeuweka kwingine."

Mtangazaji alimwona akinyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Kisha dada akaleta sahani nyingine, mazungumzo yakahamia kwenye mpira, na jambo likapita.

Halikupita. Haikuchukua muda, kampuni ikatangaza hasara na kufunga nusu ya matawi yake. Bei ya hisa ikaporomoka, wafanyakazi wakalia mbele ya milango iliyofungwa, na mamlaka inayosimamia soko la hisa ikagundua kwamba kuna mtu aliuza fungu kubwa siku chache kabla ya tangazo.

Mtangazaji aliipata habari hiyo kwenye karatasi, ndani ya studio. Mkurugenzi wa fedha anachunguzwa, ilisema, kwa tuhuma za kuvujisha siri ya kampuni kwa ndugu wa karibu, ambaye aliuza hisa zake kabla ya tangazo. Mhariri alisimama mlangoni.

"Utaweza, au nimpe mwenzako?"

"Nitasoma."

Akasoma. Alipotoka, simu yake ilikuwa inaita.

"Umenisoma vizuri," Bwana Mifuko akasema. "Hukukwama hata neno moja."

"Ulitaka nikwame?"

"Nataka kujua nani amewapa habari za ndugu wa karibu. Mezani tulikuwa wanne."

Mtangazaji akaegemea ukuta wa korido. "Unanishuku mimi?"

Akaihamishia simu sikio la pili.

"Basi na mimi nikuulize. Wewe na shemeji yako mlipatana? Mnagawana?"

"Kwaheri, Sauti."

Kila mmoja alikuwa ameuliza swali ambalo haliwezi kurudishwa mdomoni. Simu za mchana zikakoma. Mtangazaji aliendelea kuamka gizani, kuvaa, kusoma, kurudi na kulala. Kazini watu walishusha sauti akiingia. Kilichomchosha zaidi si hasira, maana hasira iliisha upesi. Ni kule kushika simu kila adhuhuri na kuiweka chini tena.

Siku moja akapigiwa na mchunguzi wa mamlaka. Shemeji alidai aliuza kwa akili yake mwenyewe, na kwamba mgeni waliyekula naye Jumapili ile ni shahidi wake: hakuna lililosemwa. Mtangazaji aje kesho, aseme alichosikia.

Jioni hiyo hiyo dada alibisha hodi. Alikuwa amevaa gauni zuri la kutokea, lakini vifungo vyake vilikuwa vimepishana.

"Wifi, sijaja kugombana. Kesho waambie hukusikia kitu."

"Nilisikia, wifi."

"Najua ulisikia. Mume wangu ana presha. Wakimfikisha mahakamani hatarudi mzima."

"Na mdogo wako?"

"Amekataa kusema lolote. Amesema hawezi kuwa yeye wa kuivunja nyumba yangu." Machozi yakamtoka bila sauti. "Kazi ataikosa hata hivyo. Lakini yeye bado ana nguvu."

"Alipata kitu katika mauzo hayo?"

Dada akamtazama kwa mshangao. "Mwanangu yule niliyemlea? Hata hakujua zimeuzwa mpaka alipoitwa kuhojiwa."

Dada alipoondoka, mtangazaji hakusubiri. Akapiga simu.

"Ni mimi."

"Najua."

"Nilikukosea. Nilidhani mnagawana."

"Mimi nilianza kukukosea wewe. Jina la shemeji walilipata kwa dalali aliyeziuza hisa. Nimejua juzi, nikaona haya kukupigia."

"Dada yako alikuwa hapa, analia. Kesho niseme nini?"

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili. "Umechoka, Sauti?"

"Sana."

"Mimi pia. Nimekaa kimya kwa ajili ya dada, sasa kimya changu kinataka na wewe useme uongo. Hapana. Nitakwenda mimi kabla yako."

Akaenda. Aliwaambia maneno aliyoyasema mezani kama yalivyokuwa, bila kupunguza wala kujitetea. Mtangazaji alipoingia baada yake, alikuta ushahidi wake umebaki wa kuthibitisha tu.

Hakuna aliyefungwa. Shemeji aliamriwa kurudisha alichookoa na faini juu yake. Ikabidi auze nyumba aliyokuwa akipangisha. Bwana Mifuko alifukuzwa kazi, akapigwa marufuku kuongoza kampuni yoyote iliyo kwenye soko la hisa. Hayo aliyapokea. Lililomwangusha ni dada. Aliacha kupokea simu zake.

Alasiri moja akaja kwa mtangazaji, shati halijapigwa pasi, akaketi jikoni.

"Nimepata kazi ya kufundisha uhasibu chuoni," akasema. "Sina tena cha kukuringia."

"Kwani zamani uliniringia nini? Kusinzia kwenye sofa langu?"

Akatabasamu kidogo. "Nataka kukuoa. Nilipanga maneno njiani, yote yameniruka."

Mtangazaji akaendelea kumenya viazi, maana mikono yake ilihitaji cha kushika. "Nitaolewa nawe. Lakini mwambie dada yako kwanza."

"Hapokei."

"Piga."

Akaiweka simu mezani, sauti wazi. Ikaita mpaka ikakaribia kukatika, kisha ikapokelewa. Ilisikika bomba likimwaga maji, halafu likafungwa.

"Dada," akasema. "Naoa. Ni wifi yako yule yule."

Mtangazaji aliacha kumenya.

"Umekula?" dada akauliza.

Bwana Mifuko akaufunika uso kwa viganja. Mtangazaji akafuta mikono kwenye kanga na kuisogeza simu karibu yake.

"Bado, wifi," akasema. "Ndiyo nawasha jiko."