Punje za Kibii

Kila Jumamosi, akishateka maji na kufua sare, Shiko alikimbilia ghala la kanisa pale Kuresoi, ambako Mwalimu Cherop aliwafunza watoto fasihi. Mwalimu huyo hakuwapimia wote kwa gorogoro moja, kama kopo la kupimia nafaka sokoni. Shiko, aliyesoma kwa pupa, alipewa hadithi ndefu na maswali magumu. Kibii, mwenye kigugumizi, alipewa hindi kavu. Alipukuchua punje moja moja ndani ya bakuli huku akighani shairi, kila neno na punje yake, na ulimi ukafunguka. Siri hiyo waliijua wanafunzi wa ghalani tu.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu alimchagua Kibii kughani shairi la mvua. Shiko alishikwa na wivu. Si yeye aliyewashinda wote? Wivu una meno, nao haukai bila kuuma. Aliwagawia wenzake wa mstari wa mbele punje za mahindi, akawanong'onezea la kufanya.

Kibii alisimama mbele ya wazazi mikono mitupu, akihesabu punje moyoni. Nyanya yake, aliyemlea, alikuwa amejifunga leso mpya. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Ndipo punje zikaanza kuanguka sakafuni, ovyo ovyo, na Kibii akapoteza mwendo. Akabaki na herufi moja mdomoni, haitoki, hairudi. Watoto walicheka. Wazazi wengine nao, aibu yao, wakacheka. Nyanya alimshika mkono wakaondoka.

Kibii hakurudi ghalani. Hata nyumbani alinyamaza. Mwalimu alipogundua ukweli, hakumchapa Shiko. Alimpeleka kwa nyanya yake Kibii na kumtaka aseme mwenyewe alichofanya. Shiko alisema huku akilia, wala nyanya hakumbembeleza. Alimsukumia gunia la mahindi.

"Pukuchua," akasema. "Uliharibu kwa mahindi, utatengeneza kwa hayo hayo."

Jumamosi baada ya Jumamosi, akitoka ghalani, Shiko alipukuchua pale kwa nyanya, polepole, kwa mwendo mmoja, hadi vidole vikachubuka. Kibii alipita bila kumtazama. Kisha siku moja aliketi mlangoni, akampa mgongo, na sauti yake ikafuata punje: "Mvua ya kwetu haina haraka." Alilighani shairi lote hadi mwisho. Shiko alifungua kinywa kumshukuru.

"Usiniongeleshe," Kibii akasema. "Lakini usiache kupukuchua."

Jumamosi iliyofuata Kibii alirudi ghalani, akaketi mbali. Shiko alimuuliza Mwalimu kama wangewahi kuwa marafiki tena.

"Sijui," Mwalimu alimjibu. "Mtu akikuonyesha panapomuuma, amekuamini. Ukipakanyaga, pengine atakusamehe. Lakini kukuonyesha tena, hilo usimdai."

Shiko aliinamisha kichwa. Upande wa pili wa ghala, Kibii alilikinga bakuli lake kwa mkono ili lisionekane, akaanza kughani.