Yukulele ya Mti wa Paa

Milka alifika kibanda cha Fundi Wanyonyi pale soko la Kibuye, Kisumu, jua likiwa limeinamia ziwa, na alifika akiwa tayari amekasirika. Alikuwa na hasira tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwamba watoto wa chekechea anaowafundisha hawahitaji muziki, wanahitaji nidhamu, na redio iliyokuwa ikiwaimbisha watoto hao sasa ilikuwa sebuleni kwa huyo huyo mwalimu mkuu. Basi Milka akaapa atanunua chombo chake mwenyewe, ajifunze mwenyewe, na mtu asimwambie kitu. Huo ulikuwa mwaka wa 1987, na kwa mshahara wake gitaa kubwa lilikuwa ndoto ya mchana. Alitaka yukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne ambacho hata mtu asiyejua lolote anaweza kuanza nacho.

Kulikuwa na hasira nyingine pia, iliyokaa chini zaidi. Baba yake, Mzee Amolo, alikuwa amelala nyumbani karibu na Awasi wiki ya tatu sasa. Homa hana. Maumivu hana. Hasemi, hainuki, na wala hageuki kitandani. Kaka yake Obiero alikuwa amemwandikia barua ya mistari minne kuhusu hali ya mzee, na miwili kati ya hiyo ilisifu mabati mapya aliyoezekea nyumba ya mzee. Milka alipanga kwenda kumwona Jumamosi.

Wanyonyi alimpangia yukulele tatu juu ya benchi.

"Hii ya rangi ni ya dukani," alisema. "Inang'aa, lakini vigingi ni plastiki. Unakaza nyuzi asubuhi, saa nne zimelegea. Utalia nayo, Mwalimu."

Ya pili alimpa aishike kama bunduki, afumbe jicho moja, atazame shingo kutoka mwisho hadi mwisho. Shingo ilikuwa imepinda. Nyuzi zilikaa juu sana, na fundi akasema mtu anayeanza atachubuka vidole mpaka achukie muziki.

Ya tatu ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Tumbo lake lilikuwa la mbao za sanduku la majani chai, nyuzi zake mshipi wa kuvulia samaki, na shingo yake mti mweusi, mnyoofu, uliokauka kabisa. Nyuzi zilikaa chini, karibu na shingo. Vigingi vilishika. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya dukani. Milka alipitisha kidole juu ya nyuzi, na sauti ikatoka safi, ikakaa hewani muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Aliinusa shingo. Moshi. Moshi wa miaka mingi... na chini ya moshi, tumbako.

"Huu ni mti gani, Fundi?"

"Mti mzee tu, Mama. Mti imekauka hivyo haiwezi kupinda."

Milka akailipia, akaifunga kwenye leso na kurudi chumbani kwake Manyatta.

Mwanga ulikuwa bado haujaisha alipoketi kitandani, mlango wazi, jirani yake akipepeta mchele nje. Alikaza uzi wa kwanza. Akakaza wa pili na wa tatu. Alipofika wa nne aliachilia ili afute jasho la viganja.

Uzi ukalia.

Peke yake. Chini chini.

Milka akatazama mlangoni. Hakuna upepo. Akaweka kiganja juu ya nyuzi zote nne azinyamazishe, na chini ya kiganja chake zikaendelea kutetemeka. Harufu ya tumbako ikajaa chumba, na katika ploti nzima hakuna aliyekuwa anavuta. Kisha ule mtetemo ukaanza kugeuka. Ukawa pumzi. Pumzi ikawa sauti ya mtu mwenye kiu, ikinong'ona kwa Kijaluo.

"Nani... amenishusha?"

Milka akainamisha sikio juu ya nyuzi.

"Nani amenishusha... na mimi bado naona?"

Ilikuwa sauti ya baba yake, na tumbako ile ilikuwa yake.

Mtu mwingine angeitupa na kukimbia. Milka aliogopa, tena sana. Lakini aliijua ile sauti tangu azaliwe, na hakuwahi kuisikia ikiomba kitu kwa mtu yeyote. Mtu fulani alikuwa amemfanya baba yake aombe. Usiku kucha alikaa na leso ile mapajani, na hasira ikala woga wote.

Alfajiri alimkuta Wanyonyi akikoroga uji.

"Mti wa shingo uliutoa wapi?"

"Kuna nini, Mwalimu? Imepinda?"

"Nimekuuliza uliutoa wapi."

Fundi akaweka kikombe chini. Alisema aliuziwa na mtu mmoja aliyeleta mbao za paa kuukuu kwa mkokoteni. Mtu mrefu, kofia ya kiwanda cha sukari, anacheka kabla ya kusema. Mbao nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa, ila kijiti kimoja kilikuwa kizima, kimechongwa ncha.

"Alisema hiyo ilikuwa inasimama juu kabisa, katikati ya nyasi. Mimi nikaona ni mbao nzuri inapotea bure."

"Na mwenye nyumba? Hukuuliza mwenye nyumba?"

"Niliuliza." Wanyonyi alishusha sauti. "Alisema ni marehemu."

Wanyonyi alikuwa mtu wa Bungoma na hangeweza kujua. Lakini kila mtoto wa Kijaluo anajua. Ule mti ni osuri. Unasimama juu ya paa la mwenye boma, na ukisimama, mwenye boma yu hai. Akifa, ndipo unashushwa na kuvunjwa, na kila apitaye njiani anajua kwamba humo hamna mzee tena. Kuushusha mwenye boma akiwa bado anapumua ni kumtangazia kifo. Na mwenye kofia ile alikuwa Obiero, aliyeujua mti ule kama alivyojua jina lake.

"Mungu wangu," Wanyonyi alisema alipoelezwa. "Lete nivunje, Mama, nikurudishie pesa yako."

"Usiiguse!"

Mchana alishuka Awasi, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Mabati mapya yalimetameta mpaka yakaumiza macho. Seline, mke wa Obiero, alimpokea mkoba bila kumtazama usoni.

"Amekula?"

"Hali kitu, Mwalimu. Tangu siku ile ya paa."

Mzee Amolo alikuwa amelala chali, macho wazi, midomo imepasuka. Milka alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua leso, akagusa uzi mmoja.

Midomo ya mzee ikasogea.

Akagusa tena. Midomo ikafuata uzi, na sauti ikatoka kwenye tundu la yukulele, si kooni mwa mzee.

"Nirudishe... juu."

Nyuma yake Seline akaanza kuomba kwa kunong'ona, akilitaja jina la Yesu tena na tena. Milka alimwambia aache kwanza, alete ngazi, nyundo na msumari. Angelivunja lile tumbo la sanduku la chai baadaye. Kwa sasa angepanda na chombo kizima, akipigilie kileleni jinsi kilivyo, watu wacheke wakitaka.

Ngazi ilisimamishwa. Milka alikuwa amekanyaga kidato cha kwanza Obiero alipotokea kwenye uzio, kofia kichwani. Akacheka kabla ya kusema.

"Umekuja kutuimbia?"

"Toka njiani, Obiero."

"Mabati haiwekwi osuri. Hayo ni mambo ya zamani."

"Kama ni ya zamani, mbona ulimwambia fundi kwamba baba amekufa?"

Obiero akasogea karibu, akashika ngazi. "Miaka kumi na miwili nangoja anigawie shamba," alisema polepole. "Kila mwaka ananiambia ningoje. Mimi nimechoka, Milka. Niliona nimsaidie kwenda. Wewe uko Kisumu, unakula samaki, unajua nini?"

Angeweza kumpita. Ngazi ilikuwa imara, na vidato vilikuwa tisa tu. Mara nyingi baadaye Milka alivihesabu akilini, tisa. Lakini kile kicheko kilikuwa kimerudi usoni mwa kaka yake. Hasira ya siku mbili, na ya miaka yote kabla ya hapo, ikampanda hadi mkononi. Akamcharaza Obiero begani kwa kile alichokuwa nacho.

Mti ukavunjika.

Nyuzi nne zililia pamoja, mara moja... zikanyamaza.

Ndani, kitanda kikalia. Kisha kimya. Seline akatokea mlangoni, mkono mdomoni, akatikisa kichwa. Alikuwa hajapiga nduru, hata hajafungua kinywa, wakati nduru ya kwanza ilipotoka boma la ng'ambo ya kijito. Ikafuata ya pili, mbali zaidi. Watu walikuwa wanamlilia Mzee Amolo kabla ya kuambiwa.

Obiero alikuwa anasugua bega. Hakucheka tena. Alimsogelea dada yake mpaka pumzi yake ikamgusa sikio.

"Mimi nilimshusha tu," alinong'ona. "Wewe ndiye umemvunja."

Daktari aliandika nimonia. Milka hakubisha, na hakumwambia mtu yeyote alichosikia Manyatta. Siku ya maziko jeneza liliposhushwa, mzee mmoja wa ukoo alimwonyesha kwa kidevu kile kipande cha shingo alichokuwa amekishika tangu kilipovunjika, siku ya tano sasa.

"Kitupe humo, binti. Kimalize safari na mwenyewe."

Milka alisogea ukingoni, akanyoosha mkono juu ya kaburi. Vidole havikufunguka. Asubuhi alikuwa ameushika mkono wa baba yake ndani ya jeneza, ukiwa na baridi ya chumba cha maiti. Kipande hiki cha mti kilikuwa na joto.

"Bado," alisema, akakifunga tena ndani ya leso.