Kadi Kwenye Shimo la Saba

"Mnara kwa Kipanga. Mvua inashuka mlimani. Rudia."

"Mvua inashuka," Kipanga alijibu redio ya siri iliyo sikioni, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Maana yake ilikuwa moja tu. Kadi ya kufungulia milango ya bwawa imetoka ofisini, na leo hii inakabidhiwa kwa watu wabaya.

Alitupia begi lake la fimbo za Callaway begani. Mbele yake uwanja wa gofu ulipanda mlima: majani mabichi, miamba myeusi, na korongo lililopita katikati likinguruma maji. Ulikuwa uwanja wa umma. Yeyote huanza, ila wengi huishia njiani wakitafuta mipira vichakani. Juu kabisa uling'aa ukuta wa bwawa. Chini, mji mzima ulikuwa ukifungua maduka.

Mwenye kadi ile angeweza kuuzamisha mji huo kabla ya chakula cha mchana.

"Uko peke yako, bosi?" mpanga zamu alimuuliza dirishani. "Ngoja nikuunganishe na wale wawili. Mmoja mhandisi wa bwawa, mwingine mgeni wake."

"Hewala."

Ndicho alichokitaka. Lakini mhandisi alipogeuka, Kipanga alimtambua.

"Alaa! Shemeji!" Tabasamu la mhandisi lilianza kuja, likakwama. "Wewe na gofu, wapi na wapi?"

Mume wa dada yake. Mtu aliyembeba mgongoni hadi hospitali siku alipovunjika mguu. Wakubwa wake wa Mnara walimwambia atakayeitoa kadi ni mhandisi. Hawakumwambia yupi.

"Mteja kanitosa," Kipanga alisema. "Nikaona nije kupunguza mawazo."

Kwa familia yao, yeye alikuwa muuza vipuri vya friji. Basi.

Mgeni alikuwa mrefu, mkavu, glovu ya kijivu mkononi. Hakutaja jina. Begi lake hakuliachia hata dakika moja.

Walicheza.

Shemeji, mtu wa mikono mitulivu, alipeleka mpira kichakani shimo la pili. La tatu akaupeleka majini. Jasho lilimtoka, na upepo wa mlimani ulikuwa baridi.

Shimo la tano mpira wa mgeni ulipotelea kwenye majani marefu. Alipokwenda kuutafuta, shemeji alisogea.

"Shemeji, ondoka. Sema mguu unakuuma."

"Kuna nini?"

"Usiniulize! Kwa ajili ya mpwa wako, ondoka."

"Mpwa wangu kafanyaje?"

Shemeji alimtupia jicho mgeni kule majanini. "Wanamtazama. Hivi tunavyoongea, wanamtazama. Gari jeupe, nje ya bweni lake chuoni. Tangu Jumatatu."

Mgeni alikuwa anarudi. Kipanga aliashiria kwamba amebanwa na haja, akazunguka nyuma ya mwamba.

"Kipanga kwa Mnara. Bweni la chuo cha uuguzi. Gari jeupe. Wakamateni waliomo, kimya kimya."

"Itachukua muda."

"Muda sina."

"Kipanga, amri ni ile ile. Kadi ikikabidhiwa, piga risasi."

"Nimpige anayepokea?"

Redio ilikwaruza.

"Na anayetoa."

Shimo la saba lilikuwa ng'ambo ya korongo. Unapigia upande huu, mpira unavuka maporomoko, unatua kwenye kipande cha majani yaliyonyolewa, kando yake banka, kishimo cha mchanga cha kutegea mipira. Ukikosea, korongo linameza.

Mpira wa mgeni ulivuka. Wa shemeji ukavuka.

Kipanga alipiga, mpira ukaangukia mchangani. Hakukusudia. Mikono ilikuwa yake, akili ilikuwa bwenini.

Walipita daraja la kamba, mmoja mmoja.

Kwenye gofu, aliye mbali zaidi na shimo hupiga kwanza. Zamu ilikuwa ya Kipanga. Lakini shemeji hakusubiri. Aliusukuma mpira wake, ukatumbukia. Akainama kuuokota.

Mkono ulikaa mno shimoni.

Mgeni akaanza kulifuata shimo. Mpira wake hata hajaugusa.

"Bwana!" Kipanga aliita kutoka mchangani. "Zamu ni yangu."

Mgeni alisimama. Kisha akafungua zipu ya begi.

Bastola, Glock.

"Ni shemeji yangu tu!" mhandisi alipiga ukelele, akajitupa katikati. "Muuza friji! Hajui kitu!"

Mgeni alimsukuma kando kwa kiwiko. Sikioni kwa Kipanga kukakwaruza.

"Mnara kwa Kipanga. Wote wawili wa gari jeupe tumewakamata. Binti yuko salama."

Kipanga hakuulenga mpira. Alichota mchanga kwa fimbo, kwa nguvu zake zote.

Pazia zima la mchanga lilimvaa mgeni usoni. Risasi ikapiga mwamba. Kipanga aliruka ukingo wa banka, fimbo ikashuka kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, bastola ikabingirika korongoni. Goti mgongoni. Pingu.

Akaingiza mkono shimoni. Kadi ilikuwa pale, nyembamba, ya bluu.

Shemeji alikuwa amepiga magoti.

"Mtoto?"

"Mzima. Yuko na watu wetu."

"Watu wenu?" Alimtazama kana kwamba hajawahi kumwona. "Kumbe wewe..."

"Ungeniambia Jumatatu, shemeji."

"Ningekuambia wewe nini? Wewe ni muuza friji."

Kipanga alitoa pingu nyingine. Miaka yote ile ya kukaa meza moja, wakicheka, akiwadanganya.

Shemeji alinyoosha mikono mwenyewe. Kipanga alifunga pingu taratibu, zisimbane.

"Mnara. Kadi ninayo. Watu wawili, wote hai."

"Amri haikuwa hivyo."

"Najua."

Alizima redio. Simu ikatetema mfukoni. Dada.

"Mdogo wangu, nampigia shemeji yako hapokei. Umemwona?"

"Niko naye."

"Afadhali! Mwambie chakula kiko mezani, asichelewe."

Maporomoko yalinguruma. Shemeji aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia kila neno.

"Dada," Kipanga alisema, "kuleni. Msimngoje."

Akakata kabla hajaulizwa kwa nini. Makachero walikuwa wakivuka daraja. Aliwakabidhi kadi, akakung'uta mchanga kwenye kola, akavaa miwani ya jua na kushuka mlima polepole, mbele yao wote, ili asiwe nyuma akimtazama shemeji yake anavyotembea na pingu.