Mtungi wa Maji wa Sikujua

Wanafunzi ishirini na wanane, lugha kumi na moja, na hakuna aliyepitwa na neno. Katika shule moja ya mji wa Gent, mwaka 2094, bunge la darasa lilikuwa limepamba moto. Karibu kila mtoto alivaa kikalimani, kidude kidogo kama punje ya kunde, kilichomtafsiria sikioni kila kilichosemwa. Kilitunza pia kumbukumbu ya yote aliyosema mvaaji. Aliyeshiriki vya kutosha alipewa hati ya uraia wa Ulaya.

Mhandisi Mkami Wambura, mama mtu mzima aliyekibuni, aliketi nyuma, moyo umemjaa. Leo angetia saini hati hizo.

"Mmoja atakosa," mwalimu mkuu alimnong'oneza. "Sikujua. Masikio yake yana vidonda, hawezi kukivaa. Kumbukumbu yake ni tupu."

"Na akikosa?"

"Atarudishwa Bukavu pamoja na wazazi wake."

Kengele ikalia. Wanafunzi waliviweka vikalimani kwenye chaji, wakaingia bwaloni. Mkami akashtuka. Watoto wale wasemaji walikula kimya, macho kwenye sahani, kama abiria wasiojuana.

Msichana mmoja tu alizunguka na mtungi wa maji. Kila alipomimina alisema maneno mawili matatu, kila meza kwa lugha yake. Kimya kikavunjika alipopita. Kijana mrefu aitwaye Jaromir alimsahihisha, akamwigiza, wote wakacheka, naye Sikujua akacheka zaidi yao.

Alipofika kwa Mkami alisema, "Jambo mama. Wewe hujaletewa hata maji."

"Nani alikufundisha lugha zote hizi, mwanangu?"

"Wao. Nilionyesha kitu, wakakitaja. Yule Jaromir ananicheka tangu mwaka juzi!"

Mkami alikunywa polepole. Miaka kumi na minne ya kazi, na chombo chake hakikuwa kimemsikia huyu hata mara moja.

Mwalimu mkuu alileta karatasi. "Saini ishirini na saba tu, mhandisi."

"Sitii hata moja. Kumbukumbu hii ina kasoro, na kasoro ni yangu. Baraza linalotoa uraia lije kwanza kula hapa bwaloni, bila vikalimani."

"Watoto wote watangoja?"

"Wote. Na hakuna wa kurudishwa kwa kumbukumbu mbovu."

Alikivua kikalimani chake, akakitia mfukoni. Kisha akasogea hadi kwenye meza ya Jaromir, akaonyesha chumvi kwa kidole.

Kijana akaitaja. Mkami akajaribu kurudia, akakosea vibaya, na meza nzima ikaangua kicheko.