Waliomo na Waliokataliwa

Kila jua lilipoanza kuzama, Fundi alibakiwa na kazi moja kabla ya kwenda nyumbani: kuwatoa watu waliokwisha kutoka.

Ndivyo alivyopenda kuieleza. Ofisi ile ya vifaa vya ujenzi iliendeshwa na mfumo mmoja wa kompyuta. Mauzo humo, stoo humo, mishahara humo. Na binadamu ni msahaulifu. Mtu huchukua mkoba wake akaenda zake, huku nyuma jina lake limebaki ndani ya mfumo kama taa isiyozimwa. Kwenye skrini ya Fundi kulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilionyesha waliomo, na kila mmoja yuko kwenye kompyuta ipi. Ya pili ilionyesha waliojaribu kuingia wakakataliwa. Aliwakata waliosahau, mmoja mmoja, akazima taa, akamwita mdogo wake wakaondoka.

Mdogo wake alikaa mapokezi. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina hilo likamfuata hadi kazini. Mdomo wake haukuwa na breki. Wateja walikuja kuulizia misumari wakaondoka wamecheka. Mama yao alipoanza kuugua na kuhamia kwa kaka yao mkubwa, alimshika Fundi mkono akamwambia, "Huyu nakuachia wewe. Ukimpoteza, usije kunitolea hadithi."

Jioni hiyo, kwenye orodha ya pili kulikuwa na jina ambalo halikupaswa kuwepo popote.

Bi Funguo. Imekataliwa. Kompyuta ya stoo.

Fundi aliuondoa mkono wake kwenye kipanya taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha moto.

Bi Funguo alikuwa mtunza stoo. Alivaa funguo zake kiunoni, na ukimsikia anakuja ulijirekebisha kwenye kiti hata kama hukuwa na kosa. Vidole vilimuuma, akavipaka dawa ya kuchua asubuhi na mchana, na aliandika kwa kidole kimoja tu. Tok... tok... tok... Mchana mmoja aliinamisha kichwa juu ya meza yake, kompyuta ikiwa wazi mbele yake, na hakukiinua tena.

Wapo waliosema alikuwa mchawi. Fundi hakuitikia maneno hayo. Alishaona kwamba mwanamke mzee asiyecheka ovyo hakawii kupewa cheo hicho. Lakini aliikumbuka kauli moja ya marehemu, aliyoitoa siku kijana wa mauzo alipokalia kiti chake kwa utani: "Kiti changu hakikaliwi na mtu kabla sijaaga."

Na hakuaga.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimkaa Fundi kooni. Kampuni ililipia mfumo kwa idadi ya watumiaji, na mkurugenzi hakutaka kusikia habari za kuongeza hata mmoja. Kwa hiyo mtu akiondoka, akaunti yake haikufutwa. Ilibadilishwa jina, akapewa anayekuja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi, na hakuna aliyeiona kuwa na ubaya. Kitinda alipoajiriwa, akaunti isiyo na mtu ilikuwa moja tu. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Fundi alifuta jina la Bi Funguo, akaandika la mdogo wake juu yake. Ilikuwa kazi ya dakika moja, chai ikiwa mkononi.

Sasa aliinua simu ya mezani akampigia mlinzi wa geti, ambaye kila mtu alimwita Meja ingawa hakuwahi kushika bunduki.

"Meja, stoo kuna mtu?"

"Kama yumo, basi ni panya aliyesoma. Mlango wa nje una kufuli, naliona kutoka hapa."

"Na mtunza stoo wa sasa?"

"Kaondoka mapema, mtoto wake anaumwa. Vipi, sauti yako imekuwaje?"

"Mafua."

Alirudisha macho kwenye skrini. Bi Funguo, imekataliwa. Tena, imekataliwa. Sheria ya mara tatu aliiweka yeye mwenyewe: ukikosea mara tatu, mfumo unakufungia. Majaribio yakakoma.

Fundi akashusha pumzi.

Kisha ile orodha ya kwanza, ya waliomo, ikajiongeza mstari.

Kitinda. Kompyuta ya mapokezi.

Kitinda. Kompyuta ya stoo.

Mtu mmoja hawezi kukaa viti viwili. Fundi aligeuka. Chumba chake kilitenganishwa na mapokezi kwa kioo, na kupitia kioo hicho alimwona mdogo wake amempa mgongo, sweta ya kijani mabegani, kichwa kimeinama kidogo. Alikuwepo, salama. Basi wa stoo ndiye mwizi wa jina.

Harufu ya dawa ya kuchua ikapita puani mwake, nyepesi... halafu nzito. Kutoka mahali fulani sauti ikasikika.

Tok... tok... tok...

Alijiambia inatoka stoo. Ukumbi ulikuwa mrefu, na ofisi tupu hucheza na masikio ya mtu. Akaupeleka mshale wa kipanya kwenye mstari wa stoo. Mfumo ukauliza kama una hakika. Mfumo huuliza hivyo kila mara, na kila mara watu hujibu bila kusoma.

Akamkata.

Upande wa stoo kiti kikaburuzwa. Kisha sauti, ya mbali, kama mtu aliyeita jina chini ya blanketi. Kisha kimya.

Hakwenda kutazama. Nani angekwenda? Alichukua mkoba, na simu yake iliyokuwa imezima tangu mchana kwa kukosa chaji, akafungua mlango wa kioo.

"Twende, mdogo wangu."

Kitinda akasimama, akamfuata.

Getini Meja aliwapungia mkono. "Kitinda, leo umefunga mdomo kwa kufuli gani? Niuzie na mimi, nina mke."

Kitinda hakucheka. Fundi akajibu kwa niaba yake kwamba amechoka, na akaamini hivyo. Walitembea hadi nyumbani, mdogo akiwa nyuma kidogo ya mkubwa, na Fundi hakumwambia Meja, wala Kitinda, wala mtu mwingine yeyote alichokiona wala alichokifanya. Ungeanzia wapi?

Nyumbani Kitinda aliingia moja kwa moja jikoni. Fundi akapachika komeo la mlango kama kawaida, akachomeka simu kwenye chaja, akakaa. Maji yakaanza kuchemka huko jikoni. Sauti hiyo ya kawaida ilimtuliza. Simu ikawaka, ikatetemeka mkononi mwake. Ujumbe mmoja, wa kabla ya jua kuzama.

"Dada, mtunza stoo kaniachia kazi yake. Napitia mlango wa ndani, naingiza mzigo wa jioni nirudi. Mapokezi nimeacha wazi. Usinikimbie."

Fundi aliusoma ujumbe huo. Akausoma tena, polepole, kama unaandikwa upya mbele yake.

Jikoni, kijiko kiligonga kikombe.

Tok... tok... tok...

Ndipo ufunguo ulipoingia kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Ukazungushwa. Ukagoma.

"Dada?" Sauti ilikuwa ya chini, imeishiwa pumzi. "Dada, ni mimi. Ufunguo unakataa."

Fundi akasogea mlangoni. "Mimi nani?"

"Mimi nani tena? Kitinda. Kompyuta ilinitupa nje ghafla, taa zikazima. Mlango ukaikataa kadi yangu, nimetokea dirishani kama mwizi. Meja ananitazama hanijui, ananiambia mdogo wake Fundi ameshatoka. Nikacheka, nikadhani utani." Kitasa kikatikiswa. "Dada, si utani, eti?"

Ufunguo ukazungushwa tena. Ukagoma tena.

Kupitia tundu la ufunguo ilikuja harufu ya dawa ya kuchua. Fundi akarudi nyuma hatua moja. Lakini stoo nzima ilinukia hivyo, hadi leo. Yeyote aliyekaa mle angetoka na harufu ile nguoni. Harufu haikushuhudia kwa upande wowote.

"Usifungue."

Kitinda mwingine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi. Sweta ile ile. Uso ule ule, hadi kovu dogo la utotoni juu ya nyusi.

"Huyo anabahatisha tu," alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kazi. "Mkate. Kama ulivyomkata jioni."

Fundi akageuka kumtazama.

Hakuwa amemwambia mtu.

Alirukia komeo. Lilikuwa komeo jepesi, la kusukuma kwa kidole, na siku zote lilikwenda. Sasa lilikwama. Upande wa pili ufunguo uliingia mara ya tatu. "Dada," ilisema sauti, na sasa ilikuwa inalia, "nimechoka, nifungulie..." Fundi alisukuma kwa mikono miwili, kwa bega, kwa uzito wake wote. Ufunguo ukazunguka, ukafika mwisho, ukagoma.

Komeo likaachia.

Nje hapakuwa na mtu. Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye taa ya kona. Ufunguo wa Kitinda ulibaki kwenye kitasa, na kile kishikizo chake chekundu kilikuwa bado kinabembea.

"Funga mlango, dada," ilisema sauti nyuma yake. "Baridi inaingia."

Na mahali fulani chini ya ile sweta, chuma kiligongana na chuma.

Nani angetafutwa? Kitinda yupo. Anakwenda kazini, anapokea wateja, anakaa vizuri. Wakubwa wanamsifu kwamba ametulia. Mama akipiga simu huongea naye, kisha humwambia Fundi kwamba mtoto amekua, siku hizi hata hacheki ovyo. Fundi husema ndiyo, mama. Wakati mwingine humtazama yule aliyechukua nafasi ya mdogo wake kupitia kioo, anavyoandika kwa kidole kimoja, na hushindwa hata kumchukia. Mzee wa watu alifutwa jina wakati hata hajaaga. Alitaka kurudi kwenye kiti chake tu, kile cha ndani ya mfumo.

Lakini kila jua linapoanza kuzama, wenzake wote wakishaondoka, Fundi hufungua ile orodha ya pili na kusubiri. Haikawii.

Kitinda. Imekataliwa. Kompyuta ya stoo.

Ameshabadilisha neno la siri, ameshaliondoa kabisa, ameshajaribu yote anayoyajua, na bado mfumo unakataa. Kitu kimoja tu kimekubali. Ile sheria yake ya mara tatu ameifuta, kwa jina hilo peke yake, ili mdogo wake asifungiwe na aendelee kujaribu.

Hukaa hapo anahesabu mistari ikiongezeka, mpaka kioo kigongwe taratibu kutoka mapokezi, kwa kidole kimoja.

"Dada. Twende nyumbani."