Wino wa Buluu Mkiani

Mtafiti Mkuu alianguka mbele ya wageni wake, kijiko kingali mkononi. Hakuinuka tena.

Kunywa dawa yake mbele ya wageni ilikuwa kawaida yake. Kila walipokuja wageni, alichukua chupa iliyotumika asubuhi kunyweshea panya dawa yake ya majani ya kutuliza uvimbe, akamimina kijiko, akanywa mwenyewe ili wamwamini. Leo daktari wa polisi aliinusa chupa mara moja tu. Sumu ya wadudu, imefichwa ndani ya uchungu wa majani.

Alasiri Inspekta alipoingia maabara, Sajini alikwishamtia pingu msaidizi wa marehemu.

"Jana waligombana, Afande, jengo zima lilisikia," alisema Sajini, akijitenga na vizimba. Panya walimtia kinyaa. "Na chupa kaileta yeye mezani."

"Niliitoa tu katika chumba hiki!" Kijana alikuwa analia. "Mke wangu ni mjamzito, Afande. Nitamwambia nini?"

Kwenye kigoda, fundi wa maabara, mpwa wa marehemu, alimpakata panya bila kuinua macho.

Inspekta aliinamia vizimba. Panya wote walikuwa wamechomwa sindano ya kuvimbisha mguu wa kushoto. Kwa mujibu wa daftari la maabara, wenye wino wa buluu mkiani walikuwa wamenyweshwa dawa asubuhi. Wengine walipewa maji matupu. Alibana mguu mmoja kwa kipimo, kisha mwingine, na mwingine. Buluu na wasio na buluu, uvimbe ulikuwa ule ule.

"Kumbe dawa yenyewe haifanyi kazi?"

"Inafanya," msaidizi alijibu. "Kufikia mchana mguu hunywea. Ugomvi wetu ulikuwa wa maini. Panya walioinywa muda mrefu walikufa maini yameoza. Mkuu aliwatupa, akaniambia nifumbe mdomo."

Inspekta alimgeukia fundi. "Bibie, hawa uliwanywesha?"

"Ndiyo, Afande. Si unaona buluu?"

"Buluu naiona. Na miguu naiona. Uliwachora mikia, dawa hukuwapa. Ulijua kilichomo."

Kidole cha fundi kiliendelea kumpapasa panya mgongoni.

"Hawa wamenikosea nini?" alisema taratibu.

"Na mjomba wako?"

"Mama alikuwa mgonjwa wa magoti. Mjomba akaja na chupa, akanywa kijiko mbele yake. 'Dada, ingekuwa mbaya ningeinywa?' Magoti yalipoa. Kisha macho yakawa manjano kama binzari. Alikufa akimshukuru! Jana nilisikia ugomvi wao, nikajua kwamba mjomba alijua dawa inaua. Nilitaka afe kwa kijiko kile kile. Nilisimama mlangoni nikamtazama akimeza. Sijuti."

"Na huyu? Ungemwacha anyongwe?"

Kwa mara ya kwanza fundi alimtazama kijana, na uso ukamsawajika.

"Huyu sikumfikiria," alinong'ona.

Sajini alimfungua msaidizi. Fundi alisimama, akamwekea panya viganjani.

"Mpe dawa safi," alisema. "Mguu unamuuma tangu asubuhi."

Kisha akainyoosha mikono yake mitupu kwa Inspekta.