Mistari ya Fagio Mlangoni

Mvua ilikuwa imelowesha mlango wa soko siku mshonaji mwenye gauni la njano alipoteleza na furushi lake la vitambaa. Mwanamume aliyemdaka mkono alikuwa na saruji hadi kwenye nyusi. Mshonaji akauliza, kwa hasira, ni mjinga gani aliyeisugua sakafu ya nje ikang'aa namna ile.

"Ni mimi," akajibu fundi zege. "Nisamehe, dada."

Kwa ukweli huo tu, akapewa namba ya simu.

Mwaka ukapita. Walipendana, hilo halina ubishi, ila walichoka. Mshonaji alishona hadi mgongo ukamkataa. Fundi alirudi kwake akalala na viatu. Akipigiwa simu kumi, alipokea mbili. Mwishowe dada yake mshonaji akamtengea cherehani dukani kwake, mji wa mbali, na asubuhi hiyo mshonaji akampigia fundi, bila kupandisha sauti.

"Saa nne nitakupigia. Ukipokea, nabaki. Usipopokea, napanda basi la saa sita."

"Nitapokea, mpenzi."

Alisahau kwamba zege halina saa. Walikuwa wamemwaga njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, mlangoni mwa zahanati. Saa nne kamili maji yaliyopanda juu ya zege yakakauka, na huo ndio wakati wa kulichora mistari kwa fagio lisiteleze. Fagio likipita mapema mno huchimba, likichelewa haliachi alama. Simu ikalia mfukoni, ikalia tena. Fundi aliisikia, roho ikamuuma, akaendelea kuvuta fagio.

Robo saa baadaye mshonaji akafika na begi lake, ndani ya gauni lile lile la njano, sasa limepauka. Alitaka kumuaga ana kwa ana.

"Nimeisikia simu," fundi akasema bila kusimama. "Nikiliacha zege sasa litaganda laini, mgonjwa ateleze kama ulivyoteleza wewe. Tangu siku ile kila mlango nauchora mistari. Nipe dakika kumi, mama."

Mshonaji akakaa juu ya begi, amenuna. Fundi alivuta fagio mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, akalisuuza ndooni, akaanza mstari mwingine kando ya ule wa kwanza. Mtu aliyesahau kula na kupiga simu hakuwa amesahau kuteleza kwa mshonaji. Mshonaji akajikuta anafuta machozi, na hilo nalo likamchosha.

Fundi alipomaliza akachuchumaa mbele yake.

"Nimechoka kukusubiri," mshonaji akasema.

"Najua. Na mimi nimechoka kurudi kwenye chumba kitupu. Tuoane basi, tuchoke nyumba moja."

Mshonaji alitazama saa. Basi lilikuwa halijaondoka.

"Nitampigia dada," akasema polepole. "Ila ukilala na viatu kwangu, vitalala nje."

Fundi akabeba begi. Wakaizunguka njia ile ya mteremko, kwani zege lake halikuwa la kukanyagwa hadi kesho.